Ngitili ya Ndege

Tuliisikia kabla ya kuiona. Tulikuwa watu wengi kwenye kiwanja cha majani nje ya mji wa Bariadi, shingo zimekazwa kuelekea magharibi, na mbingu ilikuwa tupu kabisa. Ikaja sauti nyembamba, ya kukoroma bila kupumua. Mama mmoja mwenye beseni la karanga akauliza, "Nani amewasha mashine ya kusaga saa hizi?" Watu wakageuka kutazama mjini, kisha wakageuka tena. Ile sauti haikutoka kwenye mashine yoyote tuliyoijua. Ilitoka juu, upande wa Mwanza, na ilikuwa inakuja. Mimi, Minza, niliyekuwa nimepunguzwa kazi ya kupima pamba kwenye ushirika na kurudi kwa mama kushika jembe, nilihisi miguu ikinicheza kama nimeitwa ngomani.

Vijana wangu, nyinyi mnaovaa vizibao vya kung'aa na kuzungumza na rubani kwa redio ya mkononi, kaeni nami kidogo. Najua mna kila kitu. Lakini sidhani kama kuna aliyewaambia jinsi kazi hii ilivyokuwa tamu wakati haina kitu.

Miaka hiyo soko la pamba lilikuwa limefunguliwa. Zamani mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika. Sasa makampuni yakamiminika, kila moja na mizani yake na maneno yake matamu. Wanunuzi walikuwa na haraka, na barabara haikuwa na haraka hata kidogo. Lori lililotoka Mwanza asubuhi lilifika Bariadi likiwa limebadilika umbo. Ndipo Bwana Magesa, mfanyabiashara wa Mwanza mwenye ndege moja ya viti sita na ndoto ya viti sitini, akaamua ndege yake iwe inashuka kwetu mara mbili kwa wiki. Alihitaji mtu wa kiwanjani. Nilichaguliwa kwa sababu moja tu: nilijua kupima.

Maana ndege ndogo haibahatishwi. Lazima ujue uzito wa kila mtu na kila mzigo. Wazito mbele, wepesi nyuma, la sivyo mkia unalala na pua inatazama mbinguni kabla ya wakati wake. Hayo nilifundishwa na rubani wetu, Kapteni Elia, mtu mwembamba aliyekula mihogo mikavu hewani na kuimba tenzi za kanisani kwa sauti mbovu.

"Minza, mizani yetu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeiazima ushirika: ile ya kuning'iniza, ya ndoano, imefungwa kwenye miti mitatu iliyosimamishwa kama mafiga marefu.

"Hii si ya marobota ya pamba?"

"Ndiyo, Kapteni."

"Na watu?"

"Watu watakaa."

Nikafunga ubao kwa kamba, kama bembea, na abiria wakaanza kupimwa. Jamani! Wanunuzi wa pamba, wenye suruali za mikunjo na mikoba ya ngozi, wananing'inia hewani wakizunguka polepole, na wakulima waliowauzia pamba jana wamejaa pembeni. Kila neno ambalo mnunuzi alimwambia mkulima sokoni, siku hiyo alirudishiwa.

"Fifi huyo!" alipiga kelele mzee wa Kasoli. Fifi ni pamba chafu, ya daraja la pili, ya bei ya kutupa. "Mkung'uteni kwanza, ana mchanga!"

"Mkameni, amelowekwa maji usiku!"

"Dada," mnunuzi akaniambia huku anazunguka, "huu si utaratibu."

"Kaka, nyanyua miguu, unagusa chini."

"Mizani yako inaiba!"

"Leo umejua!" wakajibu wote kwa pamoja, na mama wa karanga akakaa chini kwa kicheko.

Kwa mwezi mzima watu wengi zaidi walitoka vijijini kuja kuona wanunuzi wakipimwa kuliko waliokuja kuona ndege ikiruka.

Mambo mengine niliyojifunza nawaachia bure. Kabla ndege haijaja, panda baiskeli, pita katikati ya kiwanja kwa kasi yako yote. Ukifika mwisho makalio hayajauma, ndege itatua salama. Yakiuma, shuka utafute kichuguu au shimo la mhanga, ulizibe. Ndege ya asubuhi inabeba zaidi ya ndege ya mchana, kwa sababu jua likipanda hewa inakuwa nyepesi na bawa linakosa pa kushika. Na mlango. Mlango wa ndege haubamizwi kama wa lori. Unausindikiza kwa kiganja mpaka uguse, unaukandamiza, unazungusha kitasa, halafu unagonga ubavuni mara mbili rubani ajue umemaliza. Elia alinifunza hivyo: "Funga kana kwamba ndani amelala mtoto."

Redio ya upepo ilikuwa ofisini mjini, si kiwanjani, kwa hiyo pale chini tulizungumza na Elia kwa moshi. Moshi ukipanda, maana yake shuka, kiwanja kiko tayari, na upepo unatoka huku. Moshi usipopanda, zunguka usubiri. Ukizunguka mara ya tatu bila moshi, rudi Mwanza.

Basi tatizo la kwanza lilikuwa ng'ombe. Kiwanja kile kilichongwa zamani na kuachwa, na kwa miaka mingi kilikuwa malisho ya kila mtu. Mara mbili Elia alizunguka bila kushuka kwa sababu ya fahali aliyelala katikati anacheua, hana habari na maendeleo ya taifa. Magesa akanipigia redio kwa hasira. Nikaweka vibao, vikaliwa na mchwa. Nikapiga kelele, ng'ombe wakanitazama kwa huruma.

Ndipo nikaenda kwa Shigela.

Shigela alikuwa mfugaji wa jirani na kiwanja, mtu wa makamo, mrefu, mwenye koti la mvua alilovaa hata kiangazi na ulimi mkali kama majani ya mpunga. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote upande ule, na alilolisema yeye, wenye mifugo wenzake walilifuata.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu wa ndege. Umekuja kunipima?" akajibu salamu yangu, akiniita mama kwa Kisukuma chetu.

Nikamweleza. Nikamwambia siwezi kumwekea uzio wala polisi. Naomba tu kiwanja kifungwe kama tunavyofunga ngitili. Nyinyi mliokulia mijini, ngitili ni eneo la majani ambalo Wasukuma tunalifunga masika nzima. Ng'ombe hakanyagi. Atakayeingiza mnyama wake anatozwa faini na kijiji, na hakuna anayemhurumia. Kila mtu anajua sheria hiyo hata kabla hajajua kusoma.

Shigela akafikiri. Akaitisha wenzake, wakakaa, wakabishana nusu siku, wakakubali. Na wanangu, walivyokubali ndivyo walivyotenda! Mvua zilinyesha, zikaisha, na hakuna kwato iliyogusa kiwanja. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walipita kukilinda bila kuombwa. Nikamwambia Elia kwa majivuno, "Unaona? Hakuna kiwanja kinacholindwa hivi Tanzania nzima."

"Naona," akasema Elia. "Naona pia majani yanakaribia panga la ndege. Yakifika hapo, Minza, mimi sitashuka."

Sikuwa nimefikiria hilo. Kiwanja kisicholiwa kinaota. Kilikuwa kimejaa majani mazito, mazuri, ya kufika mapajani. Nilifyeka mimi na kina mama wachache, tukaacha kanjia katikati, na mikono ikatoka malengelenge. Magesa alikataa kutoa fedha za wafyekaji. Kampuni ilikuwa inakua, alisema, na inakua kwa kubana.

Na kweli ilikuwa inakua! Kila wiki Elia alishuka na habari mpya. Tumefungua Musoma. Tumefungua Geita. Inakuja ndege ya viti kumi na viwili, yenye injini mbili. Niliposikia "injini mbili" sikulala. Nilikuwa nimekwisha kuipenda kazi ile kama mtu anavyopenda mtu. Harufu ya mafuta ya ndege kwenye kitenge changu sikutaka itoke.

Lakini katika kukua huko, Bariadi ilikuwa inahesabiwa kama kidole cha sita. Msimu wa pamba ulipofika mwisho, wanunuzi wakaanza kufunga mizigo, na redioni nikasikia sauti ya Magesa mwenyewe: "Minza, ndege inayokuja nitakuwemo. Nataka nione kwa macho yangu. Abiria hamna, majani yamejaa. Kama hali ndiyo hiyo, tunafunga kituo siku hiyo hiyo, na wewe unanikabidhi mizani." Mizani yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya ushirika, lakini nilielewa. Nilikuwa nimerudi kwenye jembe.

Siku ile nilitoka nyumbani jua halijachomoza vizuri, nimevaa gauni langu la Krismasi, niko kwenye baiskeli, nimepanga kila kitu moyoni: nitafyeka kidogo tena, nitafagia, nitamweleza Magesa kwa adabu. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Mto ulikuwa umebaki madimbwi. Njiani vumbi lilikuwa jingi kuliko kawaida na nikasikia kengele za ng'ombe, nyingi, mbele yangu, upande wa kiwanja.

Nikafika. Nikashuka kwenye baiskeli bila kushika breki.

Kiwanja kizima kilikuwa ng'ombe! Wekundu, weusi, wa madoa, mgongo kwa mgongo, kutoka mwanzo hadi mwisho, vichwa chini, wanakula kwa sauti moja kubwa kama kitambaa kinachochanwa polepole. Na katikati yao Shigela, na koti lake, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mayu! Umechelewa kwenye sherehe!"

"Baba, umefanya nini?"

"Tumefungua."

"Nani amewaambia mfungue?"

Shigela akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mayu, wewe ni Msukuma, au ulizaliwa ndani ya ile ndege? Ngitili haifungwi milele. Inafungwa ili ifunguliwe. Uliomba tufunge, tumefunga. Kiangazi kimekaza, ndama wanaanguka, tumekaa, tumeamua, tumefungua. Ni siku tatu sasa wanakula, tangu ndege yako ilipoondoka. Leo ndiyo ya mwisho mwisho."

Kila alichosema kilikuwa sawa. Mimi mwenyewe niliyeleta sheria ile kiwanjani niliichukua nusu, nikasahau nusu nyingine, kama mtu anayeazima jembe akaacha mpini.

Hapo ndipo tuliposikia ile mashine ya kusaga ya angani, kule magharibi.

"Baba Shigela! Ndege! Na ndani yupo mwenye kampuni! Akiona hivi anatufunga leo leo!"

"Si azunguke kidogo?"

"Anazunguka mara tatu tu!"

Shigela alikuwa mtu wa maneno, lakini wakati wa kazi maneno aliyaweka mfukoni. Vijana wake walianza kupiga fimbo na miluzi. Kazi bure. Ng'ombe mwenye njaa aliyezama kwenye majani hasikii fimbo; anahama hatua moja, anainama tena. Ndege ikapita juu yetu, nikaona tumbo lake jeupe na kivuli chake kikitembea juu ya migongo ya ng'ombe. Mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshika kiberiti, na rundo la nyasi kavu liko miguuni pangu, na siwezi kuliwasha. Kuwasha moshi ule ilikuwa ni kumwita Elia aje afe.

Ikapita mara ya pili, chini zaidi.

"Acheni fimbo!" akapiga kelele Shigela. Akajipenyeza katikati ya kundi mpaka kwa jike mmoja mwekundu mwenye kengele kubwa. Karibu yake alikuwepo ndama, hana hata mwezi. Shigela akainama, akamnyanyua yule ndama, akamtia shingoni kama shali, miguu inaning'inia huku na huku, na akaanza kutembea kutoka nje ya kiwanja. Hakukimbia. Alitembea. Ndama akalia. Jike mwekundu akanyanyua kichwa, majani yananing'inia mdomoni, akaguna, akamfuata. Kengele ikalia. Ng'ombe wa karibu wakanyanyua vichwa, kwa sababu kwa kundi lile jike mwekundu ndiye aliyekuwa barabara. Wakamfuata. Na waliokuwa nyuma yao wakafuata, na kiwanja kizima kikaanza kusogea, taratibu, kama mkeka unaokunjwa, na nyuma yao ardhi ikabaki wazi.

Nikawasha. Nilipuliza mpaka machozi. Moshi ukapanda, ukalalia kusini, na juu yangu Elia, aliyekuwa amemaliza mzunguko wa tatu na kuelekeza pua Mwanza, akainamisha bawa na kugeuka.

Akatua. Na wanangu, sijawahi kuona kutua kama kule. Magurudumu yaligusa chini kama mtu anavyoweka kikombe mezani.

Elia akaruka nje. "Minza! Nani amefyeka? Huu ni mkeka! Hapa naweza kushuka hata na ile ya injini mbili!"

Nikatazama chini. Ni kweli. Kiwanja chote, pembe hadi pembe, majani yalikuwa yamelingana, mafupi kama kichwa cha askari mpya. Kwa siku tatu ng'ombe walikuwa wamefanya kazi ambayo mimi niliililia msimu mzima.

Bwana Magesa alishuka polepole, mtu mnene, mwenye suti ya kaunda na jasho. Alikuwa ameona kila kitu kutoka juu. Akakanyaga kinyesi kibichi, akatazama kiatu chake, akanitazama mimi.

"Minza, nimeona. Nilikuja kuangalia kiwanja, nimeona zizi. Msimu umekwisha. Wanunuzi watatu hawa wanaondoka leo, wa mwisho. Niambie mwenyewe: baada ya hawa, Bariadi atapanda nani? Ng'ombe?"

"Mwenye ng'ombe," ikajibu sauti nyuma yake.

Shigela alikuwa amerudi, ndama bado shingoni, koti limelowa udenda. Akamshusha ndama, akampiga matako akimbilie kwa mama yake, akanyoosha mkono kumsalimia Magesa.

"Mwadila, baba. Nataka kiti."

"Kiti cha kwenda wapi?"

"Mwanza. Lakini Mwanza yenyewe sina haja nayo. Majani haya yamekwisha, na mimi ninatakiwa kuhamisha ng'ombe kabla hawajaanza kufa. Kila kiangazi tunatuma watu kwa miguu kutafuta malisho. Mmoja anakwenda Lingeka, mwingine anakwenda Nassa ziwani, wanarudi ng'ombe wengine wamekwisha kulala chini. Mimi nataka kupita juu niangalie. Kukiwa na kijani, nitakiona. Jana mnadani nimeuza dume. Nilipe wapi?"

Magesa akafuta jasho. Nilimwona anafikiri, na kwa mara ya kwanza nilimwona anafikiri kama mtu anayeota viti sitini. Wenye ng'ombe walikuwa wamejipanga nyuma ya Shigela, wengi, wanasikiliza.

"Mpime," akaniambia.

Nikampima. Shigela alikaa kwenye ubao akizunguka, na wafugaji wenzake wakapasua hewa: "Huyo si wa kupima, huyo ni mifupa! Mpelekeni joshoni kwanza!" Wanunuzi watatu wakapimwa, na mizigo yao. Elia akatazama jua, ambalo kwa sababu ya ng'ombe na maongezi lilikuwa limekwisha kupanda juu sana, akatikisa kichwa.

"Hewa imekuwa nyepesi. Siwezi wote. Mmoja abaki, tena awe mzito."

Wanunuzi wakatazama chini. Mimi nikatazama mbele yangu, tumboni kwa suti ya kaunda.

Kazi yangu ilikuwa mkononi mwa mtu huyo. Lakini kazi yenyewe, ile niliyoipenda, ilikuwa ni kusema uzito ulivyo.

"Bwana Magesa," nikasema, "hawa wote wamelipa. Na wewe bado sijakupima."

Magesa akaiangalia ile bembea kama mtu anavyoangalia kisima kirefu. Akavua koti, akakaa. Kamba zikalia. Mshale ukashuka, ukashuka, na mama wa karanga, ambaye hakukosa siku hata moja, akasema kwa upole, "Hii ni daraja la kwanza."

"Mimi ndiye mwenye ndege," Magesa akamwambia Elia, bado ananing'inia.

"Ndege haimjui mwenyewe, mzee," akasema Elia. "Inajua kilo."

Kicheko kilichotoka kiwanjani kilirusha ndege wa mwituni kwenye mashamba. Na Magesa, Mungu amrehemu, akacheka pia, akacheka mpaka bembea ikazunguka. Nikamshusha. Akasema atapanda basi.

Shigela nilimweka kiti cha nyuma, dirishani, yeye alikuwa mwepesi. Nikamfunga mkanda. Fimbo yake alikataa kuiacha, akaiweka katikati ya magoti.

"Mayu," akanong'ona, "ikisharuka, nisipige kelele?"

"Piga, baba. Elia naye anaimba."

"Wabeja, nashukuru. Siku za ndege tutakuwa tunawatoa ng'ombe alfajiri, kabla yako. Wewe njoo tu na baiskeli."

Nikarudi nyuma, nikashika mlango. Magesa alikuwa amesimama kando yangu juu ya yale majani mafupi, koti mkononi, anawatazama wenye ng'ombe waliokuwa wanatutazama.

"Minza."

"Naam, mzee."

"Kabla hujafunga. Mwambie Elia wiki ijayo awahi. Aje kabla jua halijapanda."

Nikainamisha kichwa ndani, nikamwambia Elia. Kisha nikausindikiza mlango kwa kiganja nyuma ya Shigela na fimbo yake mpaka ukagusa, nikaukandamiza, nikazungusha kitasa, na nikagonga ubavuni mara mbili.